Mwaka Niliobeba Maua ya Msuku

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyojisifu mwenyewe kwa sauti, peke yangu, shoka likiwa begani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa mchumba wa Tusekile, huyu huyu bibi yenu anayewafokea mkiingia ndani na matope, na nilikuwa nimetoka kwetu Mlowo kwenda kwao Ikinga, kule kwenye milima ya Ileje, kumsaidia mama yake kazi. Posa ikishapokelewa, kijana alikwenda ukweni siku kadhaa akalima, akaezeka, akapasua kuni, na watu wakamtazama. Hawakutazama misuli. Walitazama kama anasikia akiambiwa.

Mimi nilidhani wanatazama misuli.

Baba yake Tusekile alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, asiyependa kurudia jambo mara mbili. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mteremko wenye misuku kama ishirini, aliyoikuta ikitunzwa na mkwe wake tangu alipoolewa. Vitabuni wanauandika mkusu. Sisi huku, na Wazambia wa ng'ambo ya Tunduma, matunda yake tunayaita masuku, na ukipita Mlowo wakati wa mvua utayaona yamepangwa mafungu mafungu kando ya barabara. Kwa mama yule hayakuwa kitu cha kutafuna njiani tu. Mwezi wa kwanza, mahindi ya ghalani yakiwa yameisha na ya shambani bado machanga, watoto wa kitongoji kizima walishindia masuku yake. Na mtu akisumbuliwa na tumbo, alibisha hodi kwake kuomba mzizi.

Basi, mwezi wa saba, yeye na Tusekile wakapata msiba wa jamaa kijiji cha mbali. Wakati wa kuondoka mama akaniambia, "Baba, ukimaliza kukandika banda, utukatie kuni pale juu. Kata iliyokauka."

Nilisikia "kata". Hilo jingine liliingia sikio hili likatokea lile.

Nilipopanda kule juu niliona jambo nikajiona nina akili nyingi kuliko watu wote wa Ikinga. Misuku mingine ilikuwa imejaa matunda mabichi, ya kijani, yameshikamana na matawi. Mingine haikuwa na tunda hata moja. Nikazunguka mara mbili kuhakikisha. Nikasema moyoni, huyu mama kaachiwa miti na mkwe wake, hajawahi hata kuichambua. Nusu ya shamba inakula mbolea bure. Nikavua shati. Kwa siku tatu nikaangusha kila msuku usio na tunda, nikakata magogo, nikayapasua, nikapanga kuni ukutani safi kabisa, nikafagia hata vibanzi. Hapo ndipo niliposimama na shoka begani nikasema kwa sauti, "Mwanaume wewe. Leo umeoa."

Usicheke sana, hadithi bado.

Walirudi siku ya nne mchana. Mama alitua mzigo wake, akatazama kuni, akatazama juu mteremkoni palipokuwa peupe. Hakupiga kelele. Alipanda polepole, nami nikamfuata nikisubiri sifa, akapita kisiki hadi kisiki akiweka mkono juu ya kila kimoja. Mwisho akakaa kwenye kisiki kikubwa kuliko vyote.

"Baba, hii miti ilikukosea nini?"

"Ilikuwa haizai, mama. Nimebakiza inayozaa."

"Wewe umeshawahi kuzaa?"

Tusekile, aliyekuwa nyuma yetu, akajifunika uso na kanga. Mpaka leo anasema alikuwa analia, lakini mimi namjua, alikuwa anacheka.

"Kwenu Mlowo hakuna mipapai?" mama akauliza.

"Ipo, mama."

"Ile midume mnaifanyaje?"

"Tunaikata."

"Yote?"

Hapo ndipo jasho liliponitoka, mwanangu. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mpapai dume huachwa mmoja, la sivyo majike yatasimama tu na majani yake. Nilikuwa najua. Nilijua kwa mpapai, sikuwaza kwamba na mti wa porini unaweza kuwa na mume wake.

Mama akainuka, akajipangusa. Akasema masuku ya mwaka ule yataanguka kama kawaida, maana yalikuwa tumboni kabla sijaja. "Hayo hayakuhusu. Nitasubiri ya mwakani. Yakianguka, wazee wako waje tupange harusi. Yasipoanguka, tutazungumza tena." Sauti ilikuwa ile ile ya upole, na ndiyo iliyonitisha. Nilimpenda Tusekile kiasi cha kuugua, na sasa nilikuwa nimeikata harusi yangu kwa shoka langu, nikaipanga ukutani kama kuni.

Kesho yake asubuhi sikupewa jembe. Mama alinitembeza. Alinifunga macho kwa kanga yake akaniambia nishike. Gome la msuku ni gumu, jeusijeusi, limepasukapasuka na mifereji unayoweza kuingiza ukucha. Jani ni pana na zito, la mviringo kwenye ncha, juu linateleza na chini lina manyoya madogo, na majani hukusanyika mwishoni mwa kitawi, hayasambai ovyo. Una ndugu yake mwenye majani membamba, anayefanana nao kwa mbali, kwa hiyo usiamini jani moja uliloliokota chini. Tunda ni duara, ganda lake gumu likiiva huwa la kahawia ya manjano, ndani nyama yake tamu imeshikilia kokwa tatu au nne. Tunda halipigwi fimbo wala mti hautikiswi. Unangoja lianguke lenyewe, ndipo linakuwa na utamu wake. Linaliwa hivyo hivyo, au unalikamua nyama ukachanganya kwenye uji wa watoto, na wanaojua kupika pombe wanapika.

Mzizi nao ni dawa ya tumbo, tumbo la kujaa na la kuharisha. Alinionyesha anavyochimba: upande mmoja tu wa mti, mzizi mwembamba, halafu anafukia shimo na kulishindilia kwa mguu. Anachemsha, anampa mtu kikombe kimoja. Lakini mtu aliyeharisha damu, au mtoto aliyelegea macho, hakumpa kikombe, alimwambia akimbie zahanati, na mara nyingine alimsindikiza mwenyewe. Alijua dawa yake inaishia wapi. Nami nakuonya hivyo hivyo, usije ukachemsha mizizi ukasema babu kaniambia.

Wajukuu zangu siku hizi wanapiga picha jani, simu inawatajia jina. Sina ugomvi na simu, hata mimi nimewahi kuitumia. Lakini jina mimi nilikuwa nalo. Masuku nilikuwa nimeyala tangu sijaota meno yote. Nilichokosa ni kumjua anayekaa na mti ule mwaka mzima, akauona ukiwa na maua, ukiwa na matunda na ukiwa mtupu.

Masuku ya mwaka ule yalianguka mengi sana. Watoto walikula wakashiba, na kila aliyeshiba nilimwona kama ananisuta. Mwezi wa pili, mvua ikiwa imeshamiri, misuku iliyobaki ikatoa maua yake madogo ya kijani. Nilikuwa nimehamia kwa baba yangu mdogo, aliyeoa huko huko Ileje, ili niwe karibu. Nilikwenda nikayatazama yale maua nikarudi sina raha ya kula.

Tusekile ndiye aliyenitoa kwenye huzuni ile. Tulikutana baada ya ibada, akasema kama anayeuliza bei ya chumvi, "Kwani kinachotakiwa si maua ya madume? Madume yapo mlima ule ng'ambo ya mto. Huna miguu?"

Mwanangu, nilikuwa nayo. Kuanzia kesho yake niliamka alfajiri, nikavuka mto, nikapanda kwenye msitu, nikatafuta misuku dume. Maua yake utayajua, ni vifundo vya manjano vimesongamana kwenye tawi. Nikakata vitawi vichache kila mti, nikaviweka kwenye ndoo yenye maji, nikairudisha kichwani mwendo wa karibu saa mbili. Kwenye kila msuku jike nikatundika kopo la maji lenye vitawi vile. Nyuki ndio waliofanya kazi iliyonishinda. Jua likipanda kidogo nilikaa kimya nikiwasikia wakitoka kopo hili wakienda tawi lile, na sauti ile ilinipa matumaini kuliko neno lolote nililoambiwa na mtu.

Watu walinipa jina, Bwana Maua. Wanawake waliokwenda kisimani waliniuliza kama kuna harusi leo, nikawajibu, "Ndiyo ninayoitafuta." Kijana wa Mlowo na ndoo ya maua kichwani, kila siku, majuma matatu. Aibu iliniisha siku ya pili, kwa sababu ndoo ni nzito na njia inateleza.

Mama hakusema kitu. Ila siku ya tano nilifika nikakuta makopo yote yamekwisha kujazwa maji. Niliweka ndoo chini nikalia kidogo. Nakuambia wazi maana sioni aibu.

Mwezi wa nne vikaonekana vitufe vidogo vya kijani. Si miti yote. Mingine ilikataa kabisa, na matunda yalikuwa nusu ya kawaida, pengine chini ya nusu. Mwaka ukaenda polepole. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, nilikuwa napita pale kila siku nikitazama juu, na siku moja nikashika tawi nitikise kidogo tu. Tusekile akaniambia, "Ukitikisa, utanioa kwa wizi." Nikaachia.

Suku la kwanza lilianguka Jumapili. Mama aliliokota, akalipasua, akanipa nusu. "Waambie wazee wako waje," akasema.

Tulioana baada ya Pasaka. Vile visiki vilichipua, maana kwa bahati niliacha vya urefu wa goti, na mama akanifundisha kubakiza chipukizi moja lenye nguvu kwenye kila kisiki. Mpaka yalipokua na kutoa maua, kila mwezi wa pili niliendelea kwenda mlimani na ndoo, nikiwa mume wa mtu sasa, baadaye baba wa watoto. Nilizoea. Nilikuja kuipenda ile safari.

Miaka mingi baadaye, tumekaa tunapukuchua mahindi, nilimuuliza mama, "Yale masuku yasingeanguka, ungeninyima binti?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Ningekupa tu, baba. Yeye alishakutaka, ningefanya nini? Ila ningekuwa nimemtoa mwanangu kwa mtu anayekata asichokijua, na ningelala na hofu mpaka kufa. Yale majuma matatu yalinipa usingizi."

Hilo ndilo ninalotaka ukae nalo, mwanangu. Utapewa shamba, utapewa ofisi, utapewa nyumba yenye watu. Utaona kitu kimesimama tu, hakitoi matunda, na mkono utakuwasha. Usikate siku hiyo. Muulize aliyekaa nacho mwaka mzima, na ukiambiwa "iliyokauka", sikia mpaka mwisho wa neno. Na kama umeshakata, maana utakata, sote tumekata, usikae ukilaumu shoka. Uliza kinachotakiwa ni nini, kisha amka ukakibebe, hata wakikucheka njiani.

Mungu akupe watu wa kukukemea kwa sauti ya chini, akupe na mtu wa kukuuliza kama huna miguu. Akujalie kula matunda ya miti uliyoitunza, na aliyekupa mwanawe alale usingizi mzuri kwa sababu yako.