Manyata Niliyoiandikia Tasnifu

Tasnifu yangu ya uzamili ilitaka kuonyesha kwamba wafugaji wa Wajir wameacha kuhamahama. Msimamizi wangu aliipenda mada hiyo kabla sijatia mguu huko, nami nikaipenda kwa sababu yeye ameipenda. Miaka ile ya tisini ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wengi, na manyata niliyoichagua, kijiji cha wafugaji kando ya barabara ya Mandera, haikuwa imesogea kwa misimu kadhaa. Mjane mmoja alinijengea nyumba ya fito na mikeka ubavuni mwa yake, maana kwao kujenga ni kazi ya wanawake. Humo niliweka sanduku la bati lenye hojaji zangu zote, kazi ya karibu mwaka mzima, bila nakala hata moja.

Nikashuka Garissa kuonana na msimamizi. Akaniambia nianze kuandika. Nilirudi nikiimba juu ya lori.

Lori liliposimama, nilidhani dereva amekosea mahali. Hapakuwa na nyumba hata moja! Majivu, samadi ya mbuzi, basi. Nikamfokea yule dereva kana kwamba yeye ndiye aliyewaiba.

"Tulia, walaal, ndugu yangu," akasema. "Mvua imenyesha ubande ya Kutulo. Wamefuata."

Watu walioacha kuhamahama! Lori likaendelea kuelekea huko, na njia nzima nilikaa juu ya magunia ya sukari nikiwaza hojaji zangu zikipeperushwa na upepo porini. Bila zile karatasi sikuwa na shahada, na nyumbani walikuwa wameshaanza kuniita msomi.

Tuliwakuta alasiri. Na pale, ubavuni mwa nyumba ya mjane, palikuwa na nyumba yangu. Mikeka ileile, fito zilezile. Ndani nikalikuta sanduku, kufuli halijaguswa. Walikuwa wamevipakia vyote juu ya ngamia pamoja na vyao. Nikalia kama mtoto, kisha nikamgeukia mjane kwa ukali ambao hakustahili.

"Mama, mbona mmehama bila kuniambia?"

Akanikodolea macho. Alishtuka kuliko mimi.

"Abaayo, dada yangu, nani amehama? Nyumba iko hapa. Watoto iko hapa. Ngamia iko. Wewe ndiyo ulihama."