Dobi wa Meli Iliyozuiliwa

Saa moja asubuhi, Mama Pasi anatua furushi mbele ya lango la gati la mwisho na kuanza kugeuza mifuko. Kila suruali, kila shati, mfuko nje.

"Haya mama, tuone," anasema askari wa zamu.

"Tazama, baba, ila usinikunjie. Nimepiga pasi mpaka mifuko."

Askari anacheka, lakini haruki mfuko hata mmoja.

Nguo ni za mabaharia wa meli ya kigeni iliyoegeshwa hapo. Nchi yao iko vitani. Nchi hii haina upande. Meli iliruhusiwa kuingia kutengenezwa kwa muda mfupi, muda ukapita haijaondoka. Serikali ikaizuia: ikachukua vipuri vya injini na kukifunga chumba cha redio kwa lakiri. Mabaharia hawashuki, na neno lao halitoki bila kupita kwa wakaguzi, mpaka vita viishe.

Dobi huyu, mjane mwenye kibanda nyuma ya soko, huwafulia kila wiki.

"Mtaani walinisema, eti nafulia maadui. Adui wa nani? Serikali yenyewe haina upande. Mimi ninayegombana naye ni kola."

Kitindamimba wake, fundi wa injini, aliajiriwa kwenye meli ya upande wa pili wa vita hivyo hivyo. Nayo imezuiliwa, katika bandari ya nchi nyingine, kwa sheria kama hii. Ujumbe uliomfikia ni mmoja: mzima, anakula.

"Anakula, sawa. Anavaa nini?"

Mwezi uliopita mpishi wa meli, mtu mzima mwenye mvi, alimsihi atoke na maneno mawili tu ya kumfikia mkewe.

"Dada, hata usiandike. Yaweke kichwani."

Alikataa.

"Nikikamatwa, hawa watabanwa zaidi. Na mimi nina wangu kule. Sitaki mtu amponze kwa kumhurumia. Lakini siku ile niliunguza shati. Sijaunguza shati tangu niolewe."

Kibandani, kati ya sare za kijivu, limeanikwa shati moja jeupe. Ni la mwanawe. Hulifua kila wiki, ingawa halivaliwi.

"Lisinuke sanduku. Akirudi, asisubiri likauke."

Amepanga siku hiyo asifungue kibanda. Atakwenda bandarini mapema, shati mkononi. Siku yenyewe haijui.

Anamuuliza mwandishi kama gazeti hili hufika mbali. Akijibiwa kwamba pengine hufika, anafuta mikono kwenye kanga.

"Basi andika. Huyo anayewafulia kule, mwanamume au mwanamke, mwambie kola za yule kijana wangu asizisugue kwa brashi. Kwa mkono, taratibu, na asuuze mara mbili. Shingo yake hutoka vipele."

Anageukia pasi yake.

"Wakaguzi nao wasome. Hakuna siri hapo."