Mgagani wa Shangazi Nyamizi

Tarehe kumi na mbili Februari mwaka huu nilifiwa na shangazi yangu Nyamizi, aliyenilea Bukene. Katika ukoo wetu hakubaki mwingine aliyejua kukausha mboga ya mgagani ikabaki na rangi yake.

Harufu ya mgagani ndiyo ninayoikumbuka kwanza, kali, yenye uchungu, ikikaa chumbani hadi kwenye nywele. Mgagani ulijiotea kwenye zizi lililohamwa, haukupandwa na mtu. Nilikuwa na miaka tisa, mvua zilikuwa nzuri, tukichuma kila asubuhi umande ungali juu ya majani. Shangazi aliyachovya kwenye maji ya moto, akayatandaza kwenye mikeka chumbani, mlango na dirisha wazi, jua lisiyaguse. Hiyo ndiyo nsansa, mboga yetu ya kiangazi. Lakini chumbani mle nililala mimi, na mikeka ilinisukuma hadi ukutani. Siku moja alipokwenda stesheni kuuza karanga, niliitoa yote juani. Alasiri majani yalikuwa yamekauka kabisa, nikajiona nimemsaidia.

Aliporudi aliyashika, yakavunjika. “Kabula, umeyakausha au umeyaua?”

“Yamekauka, shangazi.”

“Hata nyasi za paa zimekauka. Basi tutaezekea.”

Hakunipiga. Kiangazi chote tulikula majani yenye rangi ya karatasi kuukuu, na kila alipopakua aliniambia, “Karibu paa.”

Nilikuwa mtu mzima nilipojua alikuwa akilinda nini. Afisa lishe mmoja, binti mdogo tu, alitueleza kliniki hapa Tabora kwamba majani hayo yana viambato viitwavyo antioksidanti. Jani hujitengenezea lijikinge na ukali wa jua, na sisi tukilila husaidia kuzuia mwili usiharibike, kama mtu anavyozuia chuma kisiliwe na kutu. Jani likishachumwa, jua huvipunguza. Nilibaki nimekaa kwenye benchi wenzangu wakiondoka. Gugu la zizini linajitengenezea kinga, na mwanamke asiyejua kusoma alikuwa akiifuata kwa kutazama rangi. Nikamuuliza yule binti kama mboga hiyo ndiyo iliyomfikisha shangazi uzee ule. Akasema hawezi kusema hivyo. Nami siwezi.

Siku hizi hapa mjini, Kanyenye, nanunua mboga za bustani mwaka mzima, na wanangu hawajawahi kulala na harufu ile. Shangazi alipoletwa mjini kwa mwanawe, mgonjwa, niliogopa ataondoka nami sijaweza kazi yake. Nikanunua mgagani sokoni, nikautandaza kwenye mkeka wangu chumbani. Siku ya tatu nikampelekea majani kiganja kimoja. Alitafuna moja kwa muda mrefu, macho yamefumbwa.

“Bado siku moja,” alisema.

Nikarudi, nikayarudisha mkekani. Jioni ile mwanawe akanipigia simu. Asubuhi, kabla ya kwenda msibani, niliyageuza.