Mkono wa Marehemu Kwenye Mfumo

Nilipopangiwa kazi Dodoma nilikuwa na shahada ya kompyuta, tena ya daraja la kwanza, na nilijiona nimekamilika. Nikapewa meza ya fundi aliyefariki miezi miwili nyuma. Mfumo wa ofisi, ule unaopokea maombi ya wananchi, aliutengeneza yeye peke yake, na shule yake iliishia kidato cha nne. Wenzangu walinionyesha kiti chake wakiwa wamesimama mlangoni. Hakuna aliyeingia.

Siku ya tatu, kwenye saa nne asubuhi, mfumo ukaanza kurudufu maombi. Mtu anatuma moja, yanaingia mawili. Nilihangaika na mistari ya programu mpaka shingo ikauma, nikahifadhi nilipofika, nikaenda kunywa chai. Niliporudi kosa halikuwepo. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha aliyelirekebisha: marehemu, jina lake kamili, dakika sita zilizopita. Chini yake palikuwa na maneno.

"Ulikaribia. Umesoma haraka tu."

Niligeuka nyuma. Ukuta, kalenda, dirisha lenye vumbi jekundu. Nje upepo ulikuwa unavuma mchana kweupe.

Nilimwita mkuu wa kitengo. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Huyu nilimzika," alisema taratibu. "Udongo nilitupia kwa mkono huu."

Chuoni tulifundishwa kwamba jambo kama hili lina jibu moja: kuna mtu anajua neno lake la siri. Nililijua jibu hilo, lakini halikunisaidia kukaa kwenye kile kiti. Kwa wiki mbili kila nilipokwama, yeye alikuja. Hakuwahi kuharibu kitu. Ikafika mahali nikiwasha kompyuta asubuhi nasema shikamoo, kwa sauti ya chini, wasinisikie.

Jumamosi moja nikapanda basi la Kondoa kwenda kwao marehemu, karibu na Kolo, kutoa pole na kuuliza. Nilielekezwa kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, mlimani. Msichana aliyefungua mlango alichungulia nyuma yangu kama nina mwenzangu, akaniambia mama yake yumo kwenye eda, hapokei wanaume.

"Mimi ni mwanamke," nilisema, nikajiona mjinga.

Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunika nguo nyeupe. Mbele yake kulikuwa na kompyuta ya mkononi, imefunguliwa. Nikauona mfumo wetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayesoma haraka."

Alinieleza bila kuficha. Mumewe alianza kupoteza macho miaka minne kabla ya kufa. Ofisini aliogopa kusema. Mtu asiye na shahada, tena haoni, nani angemwacha kazini? Kila likizo, kila mwisho wa wiki, mke alimsomea programu mstari kwa mstari, yeye akawa anamwambia cha kuandika. Mwishowe mke akawa anaandika kabla hajaambiwa.

"Nimesoma mpaka darasa la saba," alisema. "Sasa niko ndani, sitoki, mchana ni mrefu. Nilikuwa naona kila unachohifadhi. Nikakuonea huruma."

"Kwa nini kwa jina lake?"

Alinitazama kama niliyeuliza kitu cha ajabu. "Mimi sina jina huko."

Nilikaa siku mbili, akinifundisha. Jumapili jioni nilimwambia kwamba mlango ule wa kuingilia mfumo kwa jina la marehemu lazima niufunge, ndiyo kazi niliyoajiriwa. Akasogeza kompyuta kwangu.

"Funga. Hata mimi ningefunga."

Mkuu wa kitengo alikubali tumwombee nafasi eda yake ikiisha. Fomu ya mtandaoni ilitaka cheti cha shahada. Tulijaribu cheti cha darasa la saba, ukurasa haukusogea. Siku hizi anahudumia wenye maduka Kondoa mjini, nasikia wanapanga foleni. Mimi nimepandishwa cheo.

Nikikwama nampigia simu. Hunitaka nimsomee mistari kwa sauti, polepole, kama alivyokuwa akimsomea mumewe, na yeye husikiliza. Mara nyingine, kabla hajajibu, nasikia pumzi za watu wawili upande ule wa simu. Sijawahi kumuuliza yuko na nani.