Mshenga Ndani ya Kayaki

Mtu wa Tanga akikuambia anajua habari za posa, msikilize. Mie nyumbani nimekuwa mshenga mara mbili, na ndoa zote mbili zimesimama mpaka leo, watoto wamejaa ndani. Kwa hiyo yule fundi marumaru aliponifuata huku Dubai, mtaa wa Muraqqabat, jioni moja, akaniita nishuke chini, mbele ya bakala, kiduka cha jengo letu, nilimwona tu anavyozungusha kofia mikononi nikajua limeshamfika.

"Dada, nina shida."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ni yule."

Yule hakuwa na haja ya kutajwa. Alikuwa binti wa Kikenya aliyelala kitanda cha juu yangu, mlinzi katika jengo moja la maduka, mtoto wa milimani huko kwenye mashamba ya chai. Mdomo wake haukujua kupumzika. Hata usingizini aliyaelekeza magari pa kuegesha, na mie chini yake nikijibu "haya mama" ili anyamaze. Fundi ni wa Morogoro, mpole mpaka anakera. Walisali kanisa moja, na mwaka mzima kazi yake ilikuwa kumshikia kiti na kumsalimia, basi. Sasa mkataba wa binti ulikuwa umekwisha, tiketi ya kwenda kwao ilikuwa ya Jumatano, na kila tukimuuliza kama atarudi Dubai alisema inshallah, tena ile inshallah ya hapa Ghuba, ambayo huwezi kuitundikia hata leso.

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu fundi.

"Akinikataa kwa mdomo wake, dada, nitamtazamaje tena? Lakini akikukatalia wewe, mimi nitajifanya sijui kitu. Akienda zake bila kuulizwa, mimi nimekwisha."

Hapo alikuwa na hoja. Ndiyo kazi ya mshenga hiyo, kubeba aibu ya mwenzio. Nikamwambia alale salama, niachie mie.

Tatizo likawa mahali. Chumba chetu ni cha vitanda vya juu na chini, ukinong'ona jambo asubuhi, adhuhuri limeshafika kwa wapagazi wa soko la Al Ras. Lakini ilikuwa miezi ya baridi, na Dubai baridi ikiingia watu wote hupata kichaa cha kutoka nje. Binti mwenyewe alikuwa ameapa harudi kwao bila picha ya bwawa la Hatta, yuko ndani ya kayaki, milima nyuma yake. Kayaki ni kile kijimtumbwi cha plastiki cha kukodi, watu wawili mmoja mbele ya mwenzie. Nikafikiri, loo, mahali gani pazuri kuliko pale? Hakuna wa kusikiliza, na muulizwaji hana pa kukimbilia.

Tukapanga Jumamosi. Dereva wetu alikuwa Mkenya mwingine, mtu wa mlima mmoja na binti, anayeendesha basi la hoteli siku za kazi na gari lake bovu siku za mapumziko. Naye tukamwingiza kwenye siri, maana yeye ndiye angepanda kayaki moja na fundi. Mie ningepanda na binti, nikae nyuma. Binti akikubali, nanyanyua kasia juu. Akikataa, nalilaza magotini, na fundi asiulize kitu mpaka Dubai.

Asubuhi ile nilivaa sweta mbili, soksi za mume wangu, na shungi juu ya kofia ya sufu. Binti akaniangalia akacheka mpaka akashika ukuta.

"Aki Anti, hii ndiyo baridi? Kwetu tungekuwa tunaanika nguo."

"Kwenu kwenu. Sisi tumezaliwa kwenye joto, hatukuletwa hapa tufe kwa upepo."

Yeye alikuwa na fulana ya mikono mifupi. Fundi alikaa mbele karibu na dereva, amepakata chupa ya chai aliyoipika mwenyewe alfajiri kwenye kambi yao ya mafundi, chai ya maziwa na tangawizi. Niliomba kikombe njiani, akakataa. Akasema tutainywa tukishafika, wote pamoja. Nikamwambia ubahili nao ni ugonjwa. Hakujibu, aliikumbatia chupa yake njia nzima, mchanga ukaisha, milima ikaanza, myeupe na myekundu, mikavu kabisa bila hata kichaka.

Bwawani palikuwa na watu wengi, lakini maji yalikuwa mengi zaidi, ya kijani, yameingia katikati ya milima yakapinda kona hata mwisho huuoni. Tukavishwa majaketi ya kuokolea. Hapo ningetakiwa nimtazame binti vizuri, maana alikuwa hajasema neno tangu aone maji. Lakini mie nilikuwa na hotuba yangu ya posa kichwani, naipanga. Akapanda mbele. Nikapanda nyuma. Kijana wa usalama akatusukuma, tukaelea.

Mie maji siyaogopi. Nimekulia ufukweni, kasia nimelishika kabla ya kijiko. Nikapiga makasia taratibu mpaka tukafika kwenye kona, pametulia, kayaki ya akina fundi iko nyuma yetu kwa mbali kidogo. Mbele yangu nikaona mgongo wa jaketi la rangi ya chungwa, shingo, na nywele zilizosukwa. Kasia la binti lilikuwa limelala mapajani, hajaligusa. Nikakohoa.

"Mwanangu," nikaanza, kwa sauti ile ya shughuli, "mie hapa si Anti yako. Mie nimetumwa."

Kimya.

"Kuna watu wamepita karibu na bustani yenu, wakaona ua. Hawakulichuma, kwa sababu wana adabu. Wamenituma niulize mwenye ua, je, wabishe hodi au wapite?"

Kimya. Kichwa kikainama kidogo. Nikamtaja fundi, nikamsifu bila kumpaka mafuta sana: hanywi, halewi, anatuma nyumbani, sakafu anazotandika hata tone la maji halijui liende upande gani. Nikasema anaomba kumuoa, lakini kwanza anaomba ajue kama atarudi.

Kimya, na kichwa kikainama zaidi. Nikachungulia chini nikaona vidole vya miguu amevikunja, kidole gumba kinakwaruza sakafu ya kayaki.

Jamani! Nani wa Tanga asiyeijua alama hiyo? Kwetu mwari akiulizwa habari ya kuolewa hapayuki. Akitaka kukataa atasema. Akitaka kukubali, haya humshika, huinama, huchora chini kwa kidole gumba, na wakubwa huambiana, haya, amekubali. Kimya ni ridhaa. Na huyu, ambaye hata usingizini hanyamazi, leo amenyamaza! Nikauliza mara ya tatu, kama inavyotakiwa.

"Mwanangu, nipeleke jibu la heri?"

Midomo yake niliiona kwa ubavuni ikitikisika bila sauti. Machozi yakanitoka, wallahi. Nikanyanyua kasia juu kwa mikono miwili.

Fundi yule mpole, yule asiyejua kupandisha sauti, alipiga ukelele ambao milima ilimrudishia. Akasimama. Ndani ya kayaki, akasimama, mikono juu! Nikamsikia dereva anasema, "Buda, kaa chini, kaa, ka—" halafu kayaki ikageuka tumbo juu na wote wawili wakaingia majini. Kijana wa usalama akapuliza filimbi, akaja na boti yake mbio, anafoka kwa Kiingereza na Kiarabu kwamba watu wakae, basi, imetosha, "Sit! Sit! Yalla, khalas!" Familia zilizokuwa jirani, ambazo hazikujua hata tunasherehekea nini, zikatupigia makofi.

Ndipo binti akageuka. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Anti! Nani amekufa? Woiye, turudi, turudi tafadhali!"

"Hakufa mtu. Mumeo amefurahi."

"Mume wa nani?"

Na fundi huko, amening'inia kwenye boti ya usalama, meno yanagongana, anaita kwa sauti yote aliyobaki nayo: "Asante! Asante kwa kukubali!"

"Kukubali nini?" binti akaniuliza.

Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika kabla ya kuona aibu. "Nimekuuliza mara tatu! Mara tatu, wewe mtoto! Hukusikia?"

"Nilikuwa naomba Mungu, Anti! Tangu tuache nchi kavu nimefunga macho naomba. Mimi sijawahi kuingia kwa maji hata ya magoti. Nilitaka tu picha!"

Nikapiga makasia kurudi ufukweni, naye mbele ameshika kingo mbili kwa nguvu zake zote, na nyuma yetu boti ya usalama inawaleta wengine. Mie, mshenga wa ndoa mbili, nimembebesha mtu jibu ambalo halikutolewa. Aibu niliyotumwa kumkinga fundi nayo nimemmwagia mbele ya bwawa zima.

Nchi kavu tukatandika mkeka. Fundi nikamvua jaketi, nikamfunga sweta zangu zote mbili, nikamviringishia blanketi la maua nililokuja nalo, akabaki uso tu. Nikamweleza. Sikumficha. Nikamwambia hakujibiwa, hakukataliwa wala hakukubaliwa, ni mie na Tanga yangu tu. Akatikisa kichwa polepole.

"Si kosa lako, dada. Mimi ndiye niliyetuma mdomo wa mtu."

Hata kulaumu hajui. Ningependa angenifokea.

Binti alikaa upande wa pili wa mkeka, amekumbatia magoti, anayatazama maji. Akanyamaza tena. Na safari hii yuko pakavu, haombi, anafikiri kabisa. Dereva akanitazama, kama kuuliza, sasa hicho ni kimya cha aina gani? Nikamwonyesha mikono mitupu. Sikuthubutu kukitafsiri kimya kingine siku ile. Nilijua nikikosea mara ya pili, Jumatano binti atapanda ndege na huyu ndani ya blanketi hatapona.

Mwishowe binti akasema, bila kumtazama mtu, "Anti, kwenu ukinyamaza umekubali?"

"Ndiyo."

"Kwetu ukinyamaza, watu wanaenda nyumbani. Kwetu msichana anaulizwa mbele ya watu, na anajibu wote wakisikia. Kinywaji kinaletwa na wageni wanaoposa, baba anakishika, anamuuliza, tunywe ama tusinywe? Akisema tusinywe, hakuna anayeonja, wanakichukua wanarudi nacho."

Hapo sote tukaitazama ile chupa ya chai. Ilikuwa katikati ya mkeka, bado haijafunguliwa. Kumbe fundi hakuwa bahili. Dereva akakiri kuwa fundi alikuwa amemdadisi wiki nzima desturi za kwao, akaambiwa habari ya kinywaji, na kwa kuwa pombe hagusi akaamua iwe chai. Alipokosa ujasiri wa kuuliza hivyo ndipo akanifuata mie na mambo yangu ya maua na bustani. Na dereva alijua, akakaa kimya! Nilimtolea jicho.

"Si nilidhani mtaalamu ni wewe," akanijibu.

Akainuka. Nguo zilikuwa zinamchuruzika maji, viatu vinalia kwa kila hatua, lakini alijiweka sawa kama mzee wa ukoo mwenye ng'ombe mia. Akaifungua chupa, akamimina kikombe kimoja, mvuke ukapanda. Akamgeukia binti.

"Binti yetu," akasema, "baba yako hayuko hapa, na hii si arusi, hayo yatafanyika nyumbani kwa njia yake. Lakini leo sisi ndio watu wako. Hawa wageni wametuletea chai. Wametoka mbali, na mmoja ametoka majini. Nakuuliza mbele yao. Tunywe, ama tuwarudishie?"

Fundi aliinamisha uso ndani ya blanketi. Niliona kidole gumba cha mguu wake kinachora kwenye mkeka.

Binti akasimama. Akapokea kikombe kwa mikono miwili. Alikitazama muda mrefu, na mie nilikuwa nimeuma ncha ya shungi langu nisije nikafungua mdomo. Akanywa funda moja. Akazunguka mkeka mpaka kwa fundi, akachuchumaa mbele yake, akamwekea kikombe mikononi, akaishikilia ile mikono isimwage.

"Tunywe," akasema. Halafu akanigeukia, akapandisha sauti mpaka familia za jirani zikatazama tena: "Anti, nimesema tunywe! Nimesema kwa mdomo! Na nitarudi! Umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu," nikasema, nikalia pale pale, sina sweta, natetemeka.

Akanimiminia na mie. Chai ilikuwa na tangawizi ya kutoboa koo na sukari imezidi, na nikainywa yote. Nikamwambia tukienda kwao kupeleka posa ya kweli, nitakuja, nisije nikaachwa.

"Utakuja," akasema. "Lakini utakaa chini, unywe, unyamaze."