Aliyeuliza Habari za Vyura

Hili jambo lilinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Kasongo, na sikuwa na homa wala sikuwa nimeonja kitu. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kisha unisikilize.

Kazi yangu ni ya mji, katika ofisi ya mazingira. Natembelea viwanja vya watu wote, vile visivyo na mwenyewe: uwanja wa mpira, makaburi ya zamani, na hasa lile bonde lenye chemchemi chini ya soko. Naangalia ni miti gani imesimama na ipi imekatwa, ndege gani wanataga, majani gani mageni yanaziba maji. Kisha naiambia ofisi hapa pasafishwe, hapa paachwe. Watu wananiita Mama Vyura, kwa sababu vyura ndio wanaonikalisha chini kuliko wote. Chura humwoni, unamhesabu kwa sauti yake. Na ukifika karibu na maji wote wananyamaza. Inabidi ukae kimya mpaka wakusahau, ndipo waanze tena, mmoja mmoja, nawe uwatambue.

Shika neno hilo: akija mtu, vyura wananyamaza. Sijaona siku hata moja wakakosa kunyamaza, isipokuwa jioni ile.

Ilikuwa majira ya mvua, na mvua ilikuwa imenyesha mpaka tukaichoka. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Nyumbani nilimwacha binti yangu kwa mama mkwe, mtoto mchanga asiyejua uji bado, na maziwa yalikuwa yamenijaa hadi blauzi imelowa. Wewe mama unayenisikia unajua maumivu yale. Nilimaliza kuhesabu, nikainuka nikate njia kwenye daraja la magogo lililovuka korongo. Njia ya juu, ya kupitia soko, ilikuwa mzunguko mrefu, na mimi haraka ilikuwa imenipanda kichwani.

Kabla sijafika darajani nikasikia salamu nyuma yangu.

"Asalaam aleikum, mama."

Nikageuka. Alikuwa mzee wa kanzu iliyofifia, anakuja kutoka kwenye matete, pale pale katikati ya maji. Nikaitika, kwa kuwa kwetu mkubwa akikusalimu huwezi kumpita kama unapita kisiki, uwe Mwislamu au Mkristo kama mimi. Nilidhani ataniuliza mawili matatu aniache. Wapi.

"Habari ya nyumbani?"

"Muzuri, papa."

"Mutoto iko muzima?"

"Iko muzima."

"Bwana yako? Mama-mukwe?"

Nikajibu moja moja, mguu mmoja tayari umeelekea darajani. Moyoni nilikuwa nimekasirika, nisiseme uongo. Wazee wetu wa mji wakianza salamu unaweza kupika maharage yakaiva. Nikaona amemaliza, nikavuta pumzi niage.

"Na vyura? Vyura iko wazima?"

Nikasimama. Toka nianze kazi hii hakuna mtu, hata mkubwa wangu ofisini, aliyeniuliza habari za vyura kwa uso usiocheka.

"Iko wazima, papa."

"Hata ule mudogo mwenye anagonga sawa nyundo?"

"Hata ule. Nimemusikia leo."

"Na ndege mudiria?"

"Iko. Alitoboa tundu yake kwa ukingo, analisha watoto."

"Konokono?"

"Konokono imepunguka. Watu wanamwanga mafuta ya pikipiki kwa maji."

"Pole ya konokono. Na mianzi?"

"Mianzi walikata, papa. Ile ya kwa daraja yote. Nilisema, hawakusikia."

"Pole ya mianzi," akasema, polepole, jinsi mtu anavyompa mwenzake pole ya msiba.

Hapo ndipo nikatega sikio. Tulikuwa tunazungumza katikati ya kelele. Vyura walikuwa wanaimba. Alitoka ndani ya maji yao, akapita katikati yao, na hawakunyamaza hata mmoja. Nilitazama matete aliyoyapita, yalikuwa wima kama hayajaguswa. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi miguu ilikataa kwenda mbele, ikakataa na kurudi nyuma.

Yeye akanitazama tu. "Mama, nimeuliza ya wote. Wewe ya kwangu hauniulize?"

Aibu ilinishika kuliko woga. Ni kweli, nilikuwa najibu tu, sikumrudishia salamu hata moja. Nikasema, "Habari yako, papa?"

"Nashukuru," akasema. "Niko hapa tu. Ni siku mingi hakuna mutu aliniuliza."

Vyura wakanyamaza. Wote, kwa pamoja.

Kisha ukingo ukaporomoka. Sikuona vizuri, nilisikia mngurumo chini ya nyayo na maji yakirushwa, na nilipowasha tochi daraja halikuwepo. Magogo, udongo, njia niliyokuwa nimeielekezea mguu, vyote vilikuwa chini ya korongo. Nikageuka kumshika mzee yule mkono. Hakukuwa na mtu.

Nilirudi kwa njia ya juu nikilia, nikamnyonyesha binti yangu kwa mikono iliyojaa tope.

Baadaye niliuliza msikitini, nikauliza parokiani, hakuna anayemjua. Jirani yangu mmoja mzee aliniambia kwamba bondeni kule walizikwa watu wa misafara ya zamani ya pembe na watumwa, waliofia njiani, ambao hakuna aliyejua kwao ni wapi. "Hawana mutu wa kuwauliza habari," akasema. Mimi sijui. Nakupa nilichokiona tu.

Ninachojua ni kwamba mji ulikuwa unafikiria kulijaza bonde lile liwe kituo cha pikipiki, na baada ya ukingo kuporomoka wakakubali liachwe, tukapanda mianzi upya ili mizizi yake ishike ukingo. Mdiria amerudi na kutoboa tundu lingine. Binti yangu anakimbia sasa, ana meno, ananichosha, na kila anaponichosha nashukuru.

Kila nikiteremka bondeni siku hizi, kabla ya kuhesabu chochote nasema, "Habari yako, papa?" Sijajibiwa tena. Nangoja hata hivyo, muda ule mtu anaohitaji kujibu, ndipo naanza kazi.

Nawe ukipita kule, usikate mwanzi, na usikatishe salamu ya mtu kwa sababu ya haraka zako. Na ukiona mtu anakujia na vyura hawanyamazi, usikimbie. Simama hapo hapo, umuulize habari zake.