Kibao kilichoshushwa kilimani Nzala

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na Loisi Masinjila amechutama kando ya barabara mpya ya kifusi, mbele kidogo ya Makutupora, ameshika chekeche la fundi mwashi. Anachekecha udongo. Kokoto anazitupa pembeni. Vipande vyeupe anavilaza kwenye kanga, kimoja kimoja, na kila akipata kimoja anasema, "Pole."

Vipande hivyo ni mifupa ya watu.

Hii si kazi yake ya kawaida. Loisi, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, hutunza vibao vya kumbukumbu vilivyo kando ya barabara ya kwenda Kondoa, vile vya zege vinavyoeleza kwamba hapa ilipiga kambi misafara, pale palikuwa na kisima cha wapagazi. Vumbi la mabasi hula maandishi, mbuzi hujikuna kwenye nguzo, na vijana wakipendana huchora majina yao humo humo. Loisi huja na brashi ya waya na kopo la rangi nyeusi, akasugua, akapitisha rangi ndani ya kila herufi. Kwa kila kibao hulipwa shilingi elfu kumi na tano, zikipatikana.

"Watu huniuliza, mama, unapaka rangi kaburi la nani?" anasema. "Nawajibu, la kwenu."

Kibao alichokipenda kuliko vyote kilisimama juu ya Nzala, kilima kifupi ambacho jina lake kwa Kigogo maana yake ni njaa. Kilieleza kwamba chini yake wamelala watu waliofukiwa pamoja wakati wa njaa kubwa, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mmoja wao ni mama wa bibi yake Loisi. Bibi alinusurika akiwa mtoto, mgongoni mwa shangazi yake, na ndiye aliyemfundisha mjukuu wake kwamba apitaye pale huokota jiwe, akaliweka juu ya mengine, ndipo aendelee na safari.

Mwezi uliopita Loisi alikwenda Nzala na kopo lake, kama afanyavyo kila mwaka. Kabla hajafika kilimani, akakiona kibao chake kwenye kituo cha mabasi, katikati ya meza za wauza zabibu. Kimepigwa chokaa, kinang'aa. Ndoo za zabibu zimeegemezwa juu ya maneno.

"Nilidhani naota," anasema. "Kibao hakina miguu!"

Miguu hakikuwa nayo, lakini wifi alikuwepo. Ritha, dada wa mume wake Loisi, ndiye kiongozi wa wauza zabibu pale kituoni, na alimpokea kwa furaha tele. Yeye na wenzake walikuwa wamekichimbua kibao na kukishusha kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani. Na kweli mabasi ya wageni yakaanza kusimama. Wageni wakipiga picha, wananunua na zabibu.

"Wifi, tulikisogeza tu," Ritha alimwambia. "Kule juu nani alikuwa anakisoma? Mijusi?"

Loisi alifungua mdomo amjibu, akasikia mngurumo kutoka kilimani.

Alikimbia. Ndala zilimtoka njiani akaziacha. Juu ya Nzala, kijiko cha kuchimbia cha mkandarasi wa barabara kilikuwa kinakata ubavu wa kilima na kumimina kifusi kwenye lori. Lile rundo la mawe, yaliyowekwa moja moja na wapita njia wa miaka yote hiyo, halikuwepo tena. Loisi akasimama mbele ya mtambo, mikono juu, akipiga ukelele wa msiba.

Dereva wa kijiko, kijana wa Kondoa aitwaye Mbwana, alizima injini akashuka.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Makaburi! Unachimba watu!"

Mbwana alibisha kwa adabu. Alikuwa ameelekezwa asiguse mahali penye kibao wala kaburi, na kabla ya kuanza alikizunguka kilima chote kwa miguu. Mawe aliyaona, lakini Dodoma mawe ni kila mahali. Kisha akageuka kutazama pale kijiko kilipoishia. Kwenye udongo mwekundu lilikuwa limetokeza taya dogo, meno ya utoto bado yamejipanga.

"Inna lillahi," alisema, akakaa chini palepale.

Ritha, aliyekuwa amemfuata wifi yake huku akihema, aliliona naye. Akashika kichwa. Wazee wake pia wamo humo, na kitu pekee kilichokuwa kinawalinda alikuwa amekiondoa kwa mikono yake mwenyewe.

"Udongo mliotangulia kuubeba uko wapi?" Loisi aliuliza.

Mbwana alishindwa kumtazama. Malori yalikuwa yameanza kutoka tangu juzi yake. Kifusi kilishamwagwa, kikatandazwa na kushindiliwa kwenye barabara ya kijiji, ile ya kwenda sokoni.

Loisi alikuwa amepita hapo asubuhi ileile.

"Nilipita juu ya mama wa bibi yangu nimekaa kwenye bodaboda," anasema. "Tena namwambia dereva, jamani, siku hizi njia imekuwa laini!"

Uchimbaji umesimamishwa. Taya la mtoto limefukiwa tena, na Ritha amekirudisha kibao kilimani. Lakini kilichoshindiliwa katikati ya barabara hakichekecheki. Loisi anaambulia kingo tu. Kila asubuhi Ritha huja kuchekecha pamoja naye, meza yake ya zabibu ikiwa tupu.

"Walikufa wakitafuta chakula," anasema Loisi. "Sasa sisi tunawakanyaga tukienda kununua chakula."

Anataka kusimamisha kibao kingine, hapa hapa barabarani. Ameshaomba ruhusa, na anasema wakichelewa kumjibu atakisimamisha mwenyewe. Zege analijua. Kinachomsumbua ni maneno, maana miaka yote amepaka rangi maneno yaliyoandikwa na wengine.

"Tuandike nini, wifi?" Ritha anauliza bila kuinua uso.

Loisi anakung'uta chekeche.

"Andika kwamba wamo humu chini," anasema, "na kwamba tuliowaleta ni sisi."